Yaya wa Mtoto wa Shaba

Nilipelekwa Jeddah kulea mtoto. Hivyo ndivyo wakala wa Mombasa alivyoniambia, na ndivyo nilivyowaambia majirani waliokuja kuniaga. Mtoto mchanga wa Wajapani, baba mhandisi, mama wa nyumbani, nyumba Al-Hamra si mbali na bahari. Nilikuwa nimelea watoto wa dada zangu wote na wengine wa mtaa, kwa hiyo sikuwa na hofu ya kazi. Nilichojiuliza kwenye ndege ni kama mtoto wa Kijapani hubembelezwa kwa wimbo gani, na kama angenikubali nikimwimbia wa kwetu.

Nikafika, mtoto hakuwapo.

Bosi alinipokea uwanja wa ndege. Aliponiona na karatasi yangu aliinama, nami nikadhani ameangusha kitu, nikainama kumsaidia kukitafuta. Tukawa tumeinama sote wawili pale katikati ya watu, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke. Nyumbani madam naye akainama mlangoni, mwanamke mwembamba, macho mekundu, sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi nimsogelee. Nikaonyeshwa jiko, chumba changu, mashine ya kufulia, na nikapitishwa mbele ya mlango mmoja uliofungwa bila kuambiwa ni wa nini. Nikasema moyoni, mtoto amelala humo. Nikatembea kwa ncha za vidole jioni nzima nisimwamshe.

Tulipomaliza kula nikauliza, "Mtoto je?" Bosi akamtazama madam, madam akatazama meza. Bosi akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Hakuna mtoto. Kazi ya nyumba tu. Ni sawa?"

Nikasema ni sawa. Mtu aliyevuka bahari na begi moja atasema nini?

Lakini haikuwa sawa, na usiku ule sikulala vizuri. Yaya bila mtoto ni mpishi bila jiko. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilisema ni yaya, wakala alisema ni yaya, na nyumba yenyewe ilikuwa safi mno hata kabla sijaigusa. Watu wawili wasiochafua kitu, mimi wa nini? Ijumaa ya kwanza niliyopewa mapumziko nilipanda teksi ya kuchangia hadi Bani Malik, kwa rafiki yangu wa tangu mafunzo ya wakala, dada wa Nakuru, Mkristo, anayefanya usafi hospitalini na kupanga na wenzake. Huyo hajui kumung'unya maneno.

"Mamii, hapo uko na shida," aliniambia. "Hakuna mtoto, hakuna job. Siku wakishtuka ni halas, unarudishwa ofisi, unatafutiwa kafili mwingine wa kukuajiri, na huyo mwingine hujui ni nani. Wewe nyamaza tu. Fanya kazi wasikumbuke kukuuliza kwa nini uko hapo."

Nikanyamaza. Nilifanya kazi kwa bidii ya mtu anayejificha.

Sasa, sebuleni, juu ya kabati fupi, alikuwako mtu wa shaba. Nilimwona siku ya kwanza nikamwepuka, maana mimi nimekulia madrasa, na sanamu kwetu si kitu cha kuwekwa ndani ya nyumba. Lakini kazi ni kazi, na vumbi la Jeddah haliulizi dini. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kichwa kipara, uso wa mviringo, macho ameyashusha nusu, midomo ya mtu aliyetaka kucheka akajizuia. Joho lake lilishuka kwa mikunjo hadi miguuni, na miguu yenyewe haikuwa na viatu. Mkono mmoja alishika fimbo yenye vipete juu, mwingine alishika kitu cha mviringo nilichodhani ni andazi. Bosi aliniambia baadaye ni kito. Na shingoni alifungwa kitambaa chekundu, kile anachofungwa mtoto udenda usimlowanishe kifua.

Kitambaa hicho ndicho kilichonichanganya. Ningejua la kufikiri kuhusu sanamu tupu: ni mungu wao, wana lao, nina langu. Lakini mungu gani hufungwa kitambaa cha udenda? Na kila wiki madam alikifungua kwa mikono miwili, akanipa nikifue kwa mkono, si kwa mashine, akakipiga pasi mwenyewe. Kila asubuhi aliweka mbele ya sanamu kikombe kidogo cha maji na sahani ndogo yenye kitu kitamu. Alisimama hapo kidogo, viganja vimekutana, kisha akaenda zake.

"Kumbe uko na mtoto!" rafiki yangu alicheka hadi akashika ubavu nilipomweleza. "Unamfulia bib, mamake anamlisha. Wewe ni yaya wa statue!"

Mimi sikucheka. Maana hilo ndilo swali lililokuwa likinikera. Nikifua kitambaa cha sanamu, nimefua kitambaa tu au nimeitumikia sanamu? Nikikataa, nitakuwa nimejitaja, nao watakumbuka kwamba niliajiriwa kwa kazi isiyokuwapo. Nikikubali, siku nitakayoulizwa nitajibu nini? Niligeuza jambo hilo huku na huku kila nikishika sabuni.

Asubuhi moja nilijitia ujuzi. Kwetu shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenye nyumba, tena karibu na Idi sisi husugua masinia na mabirika kwa ndimu na majivu mpaka ujione uso. Huyu alikuwa na rangi ya kifuu cha nazi kilichozeeka, na ndani ya mikunjo ya joho ukijani kidogo. Nikakata ndimu. Bosi akaniwahi nikiwa na nusu ya ndimu mkononi.

"Hapana, hapana!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. Kisha akaona haya, akainama, akaanza kunieleza. Rangi ile imetiwa kwa makusudi, kwa moto na dawa, nayo huzidi kukolea miaka ikipita. Babu yake alikuwa mfua shaba katika mji wa wafua shaba. Fundi huunda kwanza sanamu kwa nta, kila unywele na kila ukunjo. Huifunika kwa udongo, nje na ndani, akauchoma udongo hadi nta ikayeyuka na kutoka yote. Ndipo humimina shaba ya moto mahali palipokuwa na nta.

"Kwa hiyo ile ya kwanza inapotea?" nikauliza.

"Inapotea. Lazima ipotee."

"Na ndani mna nini?"

"Udongo unatolewa. Ndani hamna kitu."

Jibu hilo lilinipa nafuu. Hamna kitu, ni kama birika tu. Nikamuuliza ni nani huyu. Akasema wao humwita Jizo, si mungu hasa, ni mtakatifu aliyekataa kupumzika mpaka kila aliyepotea afike, na kazi yake ni kuwalinda wasafiri. "Na watoto," akaongeza, kisha akaangalia saa, akachukua mkoba, akatoka bila kunywa kahawa yake.

Basi hapo mwenye akili angekuwa ameshaelewa. Mimi nilielewa nusu, na ile nusu nyingine niliogopa kuiuliza.

Kilichonitia matatani kabisa kilikuwa sahani. Madam alinijia jikoni mchana mmoja na sahani ndogo ya udongo, juu yake vitu viwili vyeupe, laini, vya mviringo. "Tafadhali, kula," akasema. Ndani ya wali uliopondwa mlikuwa na maharage. Maharage ya sukari! Sisi wa pwani tunajua mbaazi za nazi kwa mahamri, lakini maharage kutiwa sukari yakawa peremende, hilo lilikuwa geni kwangu. Nilikula vyote viwili kwa udadisi, nikaosha sahani.

Sahani ya mtu iliyokuja na chakula hairudi tupu. Hili halifundishwi, mtoto wa kwetu hulikuta tu, kama anavyokuta kuta za nyumba. Jirani akikuletea bakuli la biriani, bakuli litakaa kwako hata wiki mpaka upate cha kutia. Kwa hiyo siku ya pili nikapika kaimati, nikaziviringisha kwenye shira yenye iliki, nikapanga tano juu ya sahani ile na kumpelekea madam kwa mikono miwili.

Alizitazama. Akafunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaichukua sahani, akaenda nayo moja kwa moja sebuleni, akaiweka mbele ya sanamu. Akakutanisha viganja. Halafu akanigeukia, akainama, chini sana, chini kuliko siku ya kwanza, akakaa hivyo hivyo bila kuinuka.

Ndipo nilipoitambua sahani. Ilikuwa ileile ya kila asubuhi. Kumbe nilikula kilichowekwa mbele ya sanamu, na juu ya hapo nikarudisha shukrani. Nilirudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria ya shira sijui nilie au nicheke. Nilichokusudia ni ujirani mwema, na sasa sikujua nimefanya kitu gani.

Na haikuishia hapo, maana kesho yake sahani ikaja tena, na keki. Madam alitabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. Nifanyeje? Nikiirudisha tupu, nimemtusi. Nikiijaza, nailisha sanamu kwa mkono wangu, tena safari hii kwa kujua. Nikatia mahamri mawili madogo nikijiambia nampa madam, anachokifanya nayo ni shauri lake. Sahani ikarudi na zabibu. Nikatia visheti. Ikarudi na wali wa rangi ya waridi. Tukawa hivyo, sahani ikienda na kurudi, na kila ikienda dhamiri yangu ilipiga kelele, na kila ikirudi madam alikuwa amenyooka mgongo kidogo zaidi, akiuliza unga umekandwaje, iliki hutiwa wakati gani.

Nikampigia mama Mombasa. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?" Sikuwa nimemwambia mama kwamba hakuna mtoto.

"Mama, chombo cha watu hakirudi kitupu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na kikiwa ni chombo cha sanamu?"

"Wewe," mama akasema, "huko umekwenda kufanya kazi gani?"

Nilimweleza yote. Akavuta pumzi, akasema ya chombo alifundishwa na mamake, ya sanamu hakufundishwa na mtu, maana hakuna aliyefikiri mwanawe angeyahitaji. Akasema shirki, kumshirikisha Mungu na kitu, si mchezo, niache. Kisha akasema lakini huyo mwanamke usimvunje moyo. Nikamwambia mama, chagua moja. Akasema, "Utachagua wewe, ndiwe uliye huko."

Rafiki yangu wa Bani Malik naye hakunifaa. "Aki hiyo ni plate tu. Osha, weka kwa kabati, mafi mushkila, hakuna shida."

"Siwezi. Amenipa chakula ndani yake."

"Basi endelea. Lisha hiyo statue mpaka inenepe."

Nilichagua dini. Siku moja nikaiosha sahani, nikaikausha, nikampa madam ikiwa tupu. Niliona macho yake yakiitafuta ile kaimati iliyozoeleka. Akaigeuza sahani, akatazama chini yake, sijui alidhani nini. "Samahani," akasema, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. Kesho yake kabati fupi lilikuwa halina kitu. Sanamu, kikombe, sahani, vyote vimehamia kwenye kile chumba cha mlango uliofungwa.

Nilipata nilichotaka, nikawa sina raha hata chembe. Madam alirudia sauti yake ya chini. Hakuuliza tena habari za iliki. Kila simu ya bosi ilipolia nilijua ni wakala, kwamba wamekumbuka. Nikaanza kukunja nguo zangu ili kuaga kusinichukue muda.

Bosi aliponiita, nguo zote zilikuwa zimeshakunjwa. Akasema ofisi yake inahamia Riyadh, mtaa wa Olaya. Yeye anatangulia kufungua nyumba, sisi wawili tutafuata kwa ndege. "Madam anataka uje," akasema. "Ukikubali." Akaondoka siku ileile.

Asubuhi ya safari madam aliniita kwenye kile chumba. Niliingia kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na pazia la rangi ya maziwa, kitanda kidogo cha mbao ambacho hakijalaliwa, na juu ya kitanda, amesimama kwenye godoro lisilo na shuka, yule mtu wa shaba na kitambaa chake. Madam akaweka kiganja tumboni. "Mtoto," akasema. "Bado mdogo sana. Daktari amenikataza kubeba kizito." Akaonyesha sanamu. "Huyu anamtunza wa kwanza. Sasa namwomba amtunze na wa pili. Utanibebea?"

Wa kwanza. Neno hilo likakamilisha ile nusu niliyoiogopa. Nilimtazama, nikatazama kitanda, naye akatikisa kichwa kukubali kitu ambacho sikukiuliza. "Alikuwa wa kiume," akasema. "Hakulia. Bosi alitaka kukupigia usije. Mimi nikasema aje. Vitu vyote vya mtoto vilikuwa vimekwisha kufika, ni wewe tu uliyekuwa bado njiani."

Ningeweza kusema dini yangu hainiruhusu. Angeinama, angeomba radhi, angejaribu kuibeba mwenyewe. Kazi yangu ingekwisha pale, hilo nilikuwa na hakika nalo, na huenda mbele ya Mungu ningekuwa salama. Huenda. Nilivuta fimbo kutoka kwenye mkono wa sanamu kama alivyonielekeza, nikaifunga peke yake kwa taulo. Sanamu yenyewe nikaizungushia leso yangu, nikaitia begini. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, na baridi.

Uwanja wa ndege, mashine ikatusaliti. Mzee wa ulinzi, ndevu zimeingia mvi, alisimamisha ukanda akaitazama skrini, maana ndani ya begi langu palionekana mtu amesimama wima. Akanitazama mimi na hijabu yangu. Akafungua zipu, akafungua leso, sanamu ikatoka kichwa kwanza.

"Eish hada? Nini hiki?"

Madam alianza kusema Kijapani kwa haraka, uso umempauka. Kiarabu hana. Changu ni cha jikoni, lakini kipo.

"Tohfa," nikasema. Kitu cha thamani.

"Ya nani?"

"Ya madam."

Akaigeuza, akachungulia uwazi chini yake, akaugonga mgongo kwa kidole. Kisha akashika kile kitambaa chekundu. "Na hii?"

"Ya mtoto."

Akatazama nyuma yetu, akatazama chini, kulia, kushoto, kama afanyavyo mtu anayetafuta kigari. "Mtoto yuko wapi?"

Sikuwa nimejitayarisha. Ningeweza kusema yuko Riyadh, yuko na babake. Lililotoka ni hili: "Fi-l-janna." Yuko peponi.

Mzee akaacha kuigeuza. Akaiweka chini polepole juu ya leso. Kitambaa kilikuwa kimelegea, akakivuta kikakaa sawa. Kisha akamgeukia madam, akaweka mkono kifuani, akatamka yale maneno ya mkono wa tanzia, ya kumwombea aliyefiwa Mungu amkuzie ujira wake. Madam hakuelewa hata moja, lakini alielewa, maana aliinama, na mzee yule, sijui alijuaje, naye akainamisha kichwa. "Yalla," akaniambia, "msikose ndege."

Ndani ya ndege mimi nilikuwa na vita yangu. Nimebeba sanamu kwa mikono yangu, na kwa ajili yake nimetaja pepo. Je, nilisema kweli au niliokoa begi? Madrasa nilifundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa safi, awe wa nani. Katika kila matanga ya mtoto kwetu huambiwa mama kwamba aliyetangulia atamngoja mlangoni, hataingia mpaka amshike mkono. Lakini je, ni mimi wa kumgawia Mjapani maneno hayo? Sikujua. Mpaka tunashuka sikujua.

Nyumba ya Riyadh ilikuwa ghorofani, madirisha makubwa, chini treni za metro zikipita bila kelele. Bosi alikuwa kazini. Nilitoa sanamu begini, nikaiweka karibu na dirisha madam alipoonyesha, nikairudishia fimbo yake. Madam akanishika mkono kabla sijaondoka.

"Yule mzee aliniambia nini?"

"Amekupa pole. Kwa mtoto."

Akafikiri. "Kwa nini? Ulimwambia nini?"

"Aliuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia."

Aliutazama uso wangu kama mtu anayetafuta jina kwenye orodha ndefu. "Wewe unajua aliko?"

Nikasema najua. Nikamwambia yuko mlangoni, anamngoja yeye, na hataingia peke yake.

"Una hakika?"

Nilikuwa sina hakika ya sabuni niliyofulia, wala kaimati, wala begi, wala lolote nililofanya tangu nifike kwao. "Nina hakika," nikasema.

Akalia. Si kilio cha chini, kilio cha sauti, cha mtu aliyefiwa leo. Sijui kwao husemwa nini mtu akilia namna ile. Nilimketisha sakafuni nikamshika, nikamwambia pole, pole, kwa Kiswahili, mara nyingi, mpaka bosi akaingia na funguo mkononi akatukuta hapo. Alivua viatu, akaweka mkoba chini, akaja akakaa nasi.